Mwenye kampuni sikuwa mimi, nilisema hivyo mbele ya kijiji

Marahaba wanangu, maana najua mshaniamkia. Mimi ni mzee wa miaka themanini na mbili, naishi Mazingara, Handeni, nina wajukuu sitaki kuwahesabu. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, sikutaka mtu anishikie simu. Admini kaniambia nisitaje jina la kampuni yangu, watu watanijua. Ni kweli watanijua. Wilaya nzima nani mwingine aliwahi kuwa na kampuni ya santuri? Taja. Hakuna.

Tulipopata Uhuru nilikuwa kijana, nina gramafoni dukani na watu wanajaa mpaka barabarani. Nikasema kwa nini tusikilize za wengine tu. Ndipo nikampata rafiki yangu, Mshambaa wa Bungu, nitamwita Hoza ingawa si jina lake. Alikuwa anakata mkonge Korogwe, lakini gitaa la umeme alilipiga likalia kama bati linachanwa. Watu wa muziki wa dansi walimcheka, wanasema hizi kelele za roki nani atacheza. Mimi nikauza ng'ombe wa baba, nikanunua magitaa mawili na vipaza sauti, nikamleta Hoza akae kwangu. Kampuni ikazaliwa. Wazo langu, ng'ombe wangu, nyumba yangu. Hilo mniachie.

Wimbo wa kwanza aliutunga Hoza, maneno na gitaa vyote vyake. Kuchapisha ilikuwa Nairobi, wakatuletea fomu ya Kiingereza. Mimi kusoma kwangu ni kisomo cha watu wazima, cha jioni. Mke wangu akasema, "Baba Asha, si umpelekee mwalimu akusomee?" Nikamwambia mwalimu ana kampuni? Niliona mistari miwili ya kujaza majina. Mimi mkubwa, nikajiandika juu, Hoza nikamwandika chini. Santuri zikarudi nzuri zinang'aa, kumbe mstari wa juu ulikuwa wa mtunzi na wa chini wa mwenye kampuni. Hoza alicheka mpaka akakaa chini. "Haya mwajiriwa wangu," akaniambia, "kalete chai tajiri wako anywe." Nikawaambia watu wamekosea kiwandani. Fomu zilizofuata nikajaza vilevile, kwa sababu kurekebisha ni kukiri kwamba sikujua kusoma.

Tulivuma jamani. Korogwe stesheni abiria walinunua wakiwa dirishani, mahoteli yote ya Handeni yalipiga yetu, na siku redio ilipoupiga ule wimbo niliongeza sauti mpaka jirani akaja kugombana. Jina langu likasomwa redioni, mtunzi fulani wa Handeni. Hoza alikuwa amekaa pale pale. Akasema tu, "Hongera kaka." Mimi nikaitikia asante.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji, wote tukahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Siku moja ukaitishwa mkutano. Katibu ameshika santuri yetu mkononi, anauliza ni nani huyu mwenye kampuni binafsi wakati wenzake wanalima shamba la kijiji. Watu wote wakanigeukia mimi, maana nani hakunisikia nikijisifu? Katibu akaniuliza, "Ndugu, ni yako hii?" Kabla sijajibu akasogeza ile santuri machoni. Kiingereza alikuwa anajua. "Mbona hapa wewe umeandikwa mtunzi tu? Mwenye kampuni ni huyu Hoza."

Nikasema, "Kama ilivyoandikwa, ndugu katibu."

Hoza alinitazama. Alipoulizwa akasema, "Basi ni yangu." Magitaa na vipaza sauti vikabebwa kwenda ghala la kijiji, panya wakamaliza nyaya. Santuri zilizobaki watu walizitundika kwenye mahindi kufukuza ngedere. Hoza akapewa adhabu ya kulima eneo kubwa la shamba la kijiji kuliko sisi wote, na jina akapewa, Kupe, kwamba ananyonya wenzake. Watoto wake walikwenda shule wakiitwa watoto wa Kupe. Akarudi kwao Bungu, gitaa hakushika tena. Hatukugombana. Aliondoka asubuhi, nikamsindikiza mpaka njia panda, tukaongea habari za mvua.

Tangu siku ile ndani yangu pako kimya. Nimezika mke, nimezika mtoto, watu wananiona sitoi chozi wanasema mzee jasiri. Si ujasiri, sisikii kitu. Na kujisifu nimeendelea. Wanangu wote wanajua baba ndiye alitunga ule wimbo, kwenye harusi zao zote niliwaimbia, wakinitunza.

Sasa kuna vijana wameipata ile santuri, wanataka kuitoa upya. Wakamfuata Hoza Bungu kwa sababu ya maandishi, wakamwita mwanzilishi. Akawaambia mwenye kampuni siye yeye, yuko Mazingara, mfuateni. Habari ya wimbo hakugusa. Juzi binti yake kanipigia. "Shikamoo baba mkubwa. Jumamosi wanawakutanisha Korogwe, watawauliza mbele ya watu nani alikuwa nani. Baba haoni tena lakini atakuja. Amesema uanze wewe kujibu, yeye atafuata utakachosema."

Nikisema kampuni ni yangu, wataniuliza siku ile ilikuwa ya nani. Nikisema wimbo ni wake, wanangu wamekaa mbele wananisikia. Nikinyamaza, huyu mtu atasema tena "basi", namjua, na madaktari wamemwambia hana muda.

Ninyi mmesoma kunishinda, leo nakubali. Nianze na neno gani?