Delfina Silveira na Meza ya Wapinzani

Delfina Silveira hakuwa mtu wa kulala mapema. Mama yake, aliyetoka visiwa vya Azori na mumewe kuja kukamua ng'ombe wa watu katika Bonde la Santa Clara, alikuwa akisema binti huyu kazaliwa usiku wa manane na hajawahi kuusamehe mchana. Alisomea umeme pale chuo cha San Jose, mwanamke peke yake darasani, kisha akaajiriwa katika kampuni yetu kupima chipu za kumbukumbu za kompyuta. Ndipo nilipomjua. Maabara yake na yangu zilitenganishwa na ukuta mwembamba, na kicheko chake kilikuwa kikipenya.

Miaka ya sabini ilikuwa ikiyoyoma. Leo ungeona shamba la plamu, kesho ungekuta pamewekwa kiwanda chenye mlinzi mlangoni. Kampuni zilichipuka kama uyoga, na kila moja ilikuwa na siri yake. Lakini walioshika siri hizo walikuwa watu, na watu huona njaa. Kazi ikitutoa usiku, tulikutana wote, wa kampuni hii na ile, katika mkahawa mmoja wa Sunnyvale ambao haukuwahi kufungwa. Tulikaa meza kubwa ya nyuma. Mhudumu wake, Bi Opal, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alitujua kwa vyakula vyetu zaidi ya majina.

Meza ile ilikuwa na sheria zake, japo hakuna aliyezitunga. Kulalamika ruhusa. Kumsengenya bosi ruhusa. Ukikwama, ruhusa kueleza ulipokwama, na mwenye kujua akusaidie, hata kama mchana kampuni yake na yako zinanyang'anyana mteja. Ila lile uliloapishwa kulificha, hilo unaliacha nje kwenye gari.

"Leo mpinzani, kesho bosi wako," Bi Opal alitutania huku akimimina kahawa. "Kuleni kwa adabu."

Hapo ndipo Delfina alipokutana na Russell Hamamoto. Baba yake Russell alikuwa mtunza bustani za matajiri, na mwana alirithi utaratibu wake: hakuwa na haraka, hakupaza sauti, na mzaha wake ulikuja chinichini hata ukakupita kama hukutega sikio. Delfina alitega. Kampuni ya Russell ilitengeneza chipu za namna ile ile ya kwetu, kwa hiyo katika watu wote wa bonde lile, ni yeye ambaye Delfina hakupaswa kabisa kuzungumza naye habari za kazi.

"Umechelewa leo," Russell angemwambia.

"Nilikuwa nafanya kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu tu."

"Na mimi nilikuwa na kitu changu. Kimenishinda."

"Kimekushinda kwa kuwa ni kibovu. Cha kwetu kizuri."

Na wote wawili wangecheka mpaka sisi wengine tugeuke. Tulipoondoka mmoja mmoja, wao walibaki. Nikiingia garini mwangu niliwaona kupitia kioo, vichwa viwili chini ya taa, mmoja akichora kwa kidole juu ya meza ili pasibaki alama. Mambo yakaenda hivyo karibu miaka miwili. Hakuna aliyemtamkia mwenzake neno la mapenzi. Sisi tulishawaoza zamani, tukingoja tu wao wenyewe wapate habari.

Kisha kampuni yetu ikapatwa na balaa. Chipu zilitoka kiwandani zikiwa nzima, zikakaa kwa wateja wiki kadhaa, halafu zikaanza kusahau. Kompyuta inaulizwa iliwekewa nini, inajibu upuuzi. Tulihangaika msimu mzima. Mwishowe mwenzetu mmoja akagundua chanzo: vikasha tulivyofungia chipu vilibeba unyevu usioonekana, na unyevu ule uliozibwa ndani ulikuwa ukila nyaya polepole. Dawa yake ilikuwa kuvioka vikasha tanurini kabla ya kuvifunga. Basi. Garrick, mkuu wetu, akatukusanya na kutuapisha. "Hili likitoka nje," alisema, "tumekwisha. Kuna wengine wanaumwa ugonjwa huu huu, na hawajui dawa."

Usiku mmoja Russell akaja mezani uso umemsawijika. Hakuagiza chakula.

"Zinasahau," alisema. "Zinakaa vizuri wiki kadhaa, halafu zinasahau. Nimebadilisha kila kitu. Nimebaki kubadilisha jina langu."

"Zinasahau kama mume wangu," akasema Bi Opal. "Huyo nilishamkatia tamaa, mwanangu. Kula."

Meza ikacheka. Mimi nilimtazama Delfina, yeye akatazama kikombe chake. Watu wakaanza kutoa mawazo, umeme huu, joto lile, na sisi wawili wa kampuni yetu tukawa mabubu. Niliona shingo ya Delfina inabadilika rangi. Russell aliponyanyuka kwenda, naye akanyanyuka.

Yaliyosemwa huko nje alinisimulia Delfina mwenyewe, miaka mingi baadaye. Alimkuta ameegemea gari lake.

"Russell, nisikilize."

"Usiseme."

"Hujui hata ninataka kusema nini."

"Najua. Nimekuona ulivyokaa. Wewe hujawahi kunyamaza tangu nikufahamu." Akajaribu kucheka, kicheko kikamkatalia. "Fina, ukiniambia, kesho nitaingia kazini wataniuliza nimejuaje. Nitawadanganya. Halafu kesho kutwa nitakuja hapa, na kila nikikuangalia nitaona ule uwongo."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze. Umekula kiapo?"

"Nimekula."

"Basi kila mtu abaki na chake. Rudi ndani, kahawa yako itapoa."

Akamshika mkono, akauachia, akaondoka.

Kabla ya majira ya joto kuisha, wakubwa wa Russell walichoka. Wakaifunga idara yao nzima, na watu wakatawanyika. Russell akapata kazi Austin, Texas. Tulimfanyia karamu ya kumuaga pale pale mezani. Bi Opal alileta pai ya aprikoti, akakataa kulipwa, akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

Walibaki wawili, kama kawaida. Russell akamuuliza, "Kuna kitu unataka kuniambia kabla sijaenda?"

"Cha kazi?"

"Chochote."

Na hapo ndipo, Delfina aliniambia, alipogundua alichofanyiwa na miaka ile. Neno lilikuwepo. Lilikuwa lake mwenyewe, si la kampuni yoyote, na hakuna mwanasheria ambaye angemshitaki kwa kulitoa. Lakini ulimi wake ulikuwa umezoeshwa kufungwa mbele ya mtu huyu. Kila jioni kwa miaka miwili alikuwa ameyapima maneno yake kabla hayajatoka, hili ruhusa, hili hapana, na sasa alipotaka kusema tu, akajikuta bado anapima.

"Endesha taratibu," alimwambia. "Jangwani ni mbali."

Russell akanyanyuka. Kisha akasema, "Sawa," akavaa koti.

Delfina alifanya kazi na sisi miaka mingine mingi. Alipandishwa cheo, akanunua nyumba ndogo Santa Clara, akawazika wazazi wake. Wanaume walikuja wakaenda. Mmoja alikaribia kumuoa, mtu mwema, wa benki. Alimkataa akashindwa kueleza kwa nini. Usiku aliendelea kwenda mkahawani, akichagua kiti kinachoutazama mlango.

Meza nayo ikaanza kupungua. Kampuni zilikuwa zimenenepa, na wanasheria wakazifuata kama nzi. Tukapewa onyo la maandishi: kuonekana na watu wa upande wa pili ni kosa. Wengine waliogopa, wengine walioa, wengine wakatajirika na kuhamia milimani. Bi Opal akastaafu. Mwishoni tulibaki mimi na Delfina, halafu mgongo ukaanza kuniuma, nami nikaacha kutoka usiku.

Baadaye siri yenyewe ikafa. Mtu wa kampuni nyingine kabisa aliieleza hadharani kwenye mkutano wa wahandisi, na muda si mrefu wanafunzi wakafundishwa kama jambo la kawaida. Jioni ile Delfina alitafuta namba ya Austin, akapiga. Aliitika mtoto, kisha mwanamke, kisha yeye.

"Tulivioka vikasha," Delfina alisema, hata salamu hakutoa. "Ulikuwa ni unyevu. Tulivioka kabla ya kufunga."

 Russell akacheka kile kicheko chake cha chinichini.

"Kuoka? Basi, kuoka tu?"

"Kuoka tu."

"Ungeniambia ule usiku?"

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo."

"Najua," akasema. "Nimeukumbuka huo mdomo mara nyingi."

 Upande wa pili mlango ulifungwa, na Russell akaishusha sauti. Alisema Texas ni pazuri, watu wema, lakini saa kumi na moja jioni kila mtu anakwenda kwake na hakuna anayebaki kubishana. Akauliza, "Leo mezani kuna nani?"

Delfina alikuwa jikoni kwake, peke yake, amevaa soksi. Akavuta kiti.

"Wote wapo," akasema. "Bi Opal anagombana na mpishi. Garrick kapita, kajifanya hatuoni. Kuna kijana mpya kutoka Cupertino, anaongea sana, ungempenda." Akaendelea hivyo, akimtajia kila mmoja na alichoagiza na alichotaniwa, na Russell akicheka, akiuliza, akitaka zaidi, hadi sauti ya mkewe ikasikika ikimwita aje kula.

"Wasalimie," Russell alisema.

"Nitawasalimia."

Alipokata simu, aliniambia, alikwenda chumbani akavaa viatu, akaendesha hadi Sunnyvale. Alikaa meza ya nyuma na kumwambia mhudumu, msichana asiyemfahamu, kwamba Russell wa Texas anasalimia.