Samahani kwa Usumbufu

Kila nikinusa mwani mkavu, hasira inanirudia. Nilikuwa mtoto, tukiishi Alby, mtaa mmoja huko Uswidi. Siku hiyo baada ya shule tulikwenda kucheza kwa mwenzetu Mswidi, mimi na msichana Mjapani aliyekuwa mgeni darasani. Mama wa nyumba akamwita mwanawe mezani, akatuambia sisi tusubiri chumbani. Vijiko vinagonga sahani, sisi tunameza mate!

Mjapani akatoa mkobani donge la wali lililofungwa kwa mwani, akanimegea nusu. Nikabandua mwani nikidhani ni karatasi. Akauchukua, akautafuna huku akicheka.

Wakati wa kuaga akainama, kama wafanyavyo kwao. "Samahani kwa usumbufu."

"Usumbufu gani?" nikafoka.

Mama yule akatabasamu. "Hamkunisumbua kabisa."

Kweli. Hata sahani hatukumchafulia.