Kadi Iliyobaki Chini Ubaoni

Ukikutana naye mara ya kwanza, macho yako yatakwenda kwenye ukosi wa blauzi yake. Hapo huchomeka pini za ubaoni, moja kando ya nyingine, hata mgeni humdhania fundi cherehani aliyepotea njia akaingia chuo kikuu. Yeye ni ofisa mipango, na wenzake wamembandika jina la Mama Sera, kwa kuwa hakuna sera inayofika Seneti ya chuo bila kupita mikononi mwake.

Kazi hiyo ina desturi yake. Kila sera inayopendekezwa huandikwa kwenye kadi, na kadi huchomekwa kwenye ubao mrefu wa chumba cha mikutano. Wajumbe wa kamati husimama mbele ya ubao wakabishana, wakapandisha hii na kushusha ile. Tatu za juu ndizo zinazokwenda Seneti. Zilizobaki husubiri mwaka unaofuata.

Safari hii kadi moja ilimkaa moyoni: ile ya kuwaruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya kuuguza warejee pale walipoishia. Binti yake, kifungua mimba, aliacha chuo hichohicho akiwa mwaka wa mwisho ili amuuguze baba yake aliyepooza. Baba alipofariki, binti akarudi na msiba ungali mbichi, akaambiwa muda wa ruhusa umepita. Mwaka huu ukiisha, matokeo yake yote yatafutwa; akitaka shahada, aanze upya, kama mtoto aliyemaliza sekondari jana. Kwa sasa anauza vifaa vya simu dukani kwa shangazi yake, na vitabu vyake bado vimepangwa kando ya mto wa kulalia.

Siku ya mkutano, kadi ilipanda vizuri. Mkuu wa maktaba aliitetea hadi ikashika nafasi ya pili. Mama Sera alikuwa akiichomeka, Profesa mwenyekiti wa kamati alipouliza kama ilivyo kawaida:

"Kuna mwenye maslahi na sera hii? Aseme sasa."

Sharti hilo aliliandika Mama Sera mwenyewe, zamani, alipokuwa mgeni kazini: mwenye jamaa atakayefaidika atamke, kisha atoke nje. Angeweza kunyamaza. Chumbani humo hamkuwa na aliyemjua binti yake.

"Mimi, Profesa. Binti yangu yumo."

"Mama Sera, na wewe nawe!" mhasibu akacheka. "Ungejikalia kimya, nani angekuuliza?"

"Sheria ni msumeno, baba. Hukata mbele na nyuma."

Akatoka. Alisimama koridoni, mgongo ukutani, akisikia sauti zikipanda na kushuka, halafu kicheko. Ndani hapakuwa na mtu wa kueleza kwamba sera ile haidai darasa jipya wala mwalimu mpya. Alipoitwa, aliutazama ubao kabla ya kuwatazama watu. Nafasi ya tatu sasa ilikuwa na sera ya maegesho ya magari. Kadi yake ilikuwa chini ya hiyo.

"Magari?" aliuliza.

"Wahadhiri wanalalamika, Mama," mhasibu alisema, macho chini. "Mungu akipenda, mwakani."

"Mwakani atakuwa hana cha kurudia."

Kadi ya maegesho ilikuwa imelegea. Mama Sera alichomoa pini ukosini, akaikaza. Kazi ni kazi.

Nyumbani, binti alikuwa akimenya viazi.

"Mama, tumeshika ya ngapi?"

"Ya nne."

Binti aliendelea kumenya mpaka kiazi kikabaki kama gololi. "Ulitoka nje?"

"Nilitoka, mwanangu."

"Nilijua! Baba angesema, huyu mke wangu akisinzia kidogo tu kazini, anajipeleka polisi."

Walicheka, wote wawili. Kisha mama akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, na binti akaja kumkumbatia na mikono yake yenye maji ya viazi.

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini, mama? Ungenyamaza, ningekuonea aibu."

Neno hilo lilimchoma mama kuliko lawama.

Hata hivyo, mlango mmoja haujafungwa. Mjumbe yeyote wa Seneti anaweza kusimama na kuomba sera iliyoachwa ijadiliwe. Profesa, ambaye naye ni mjumbe, alimfuata hadi kwenye ngazi siku ile ya mkutano, akamwambia, "Nitaisimamia mwenyewe, Mama Sera. Lakini siahidi kitu."

Leo Seneti inakutana. Mama na binti wameketi kwenye benchi nje ya ukumbi, bega kwa bega. Shangazi amefunga duka, yuko njiani. Ndani, kiti kinaburuzwa sakafuni, na sauti ya Profesa inasikika: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna jambo halimo kwenye ajenda."

Binti ameushika mkono wa mama yake. Wote wametega sikio.