Uji wa Dani Kabla ya Kisu

Harufu ya uji wa wimbi uliochacha vizuri huwakumbusha wengine nyumbani. Mimi hunikumbusha wodi ya watoto mjini Homa Bay, na hasira hunipanda upya.

Nilikuwa na miaka minane, na ngiri iliyonitokeza kinenani kila nilipokohoa. Dani, nyanya yangu mzaa baba, alinitoa kwetu Karungu na leso zake mbili na chupa ya chai, nikapasuliwe. Jioni nesi akapita, akamwambia nisile wala nisinywe chochote. Dani akauliza kwa upole kwa nini.

"Mama, wewe fanya vile umeambiwa," nesi akasema, akaenda kitanda kingine.

Basi, hivyo tu. Sasa niambieni nyinyi. Kwetu hata mgeni asiyependwa haondoki bila kutia kitu kinywani, sembuse mtoto anayekwenda kumwaga damu? Dani aliona ule ni uchoyo wa hospitali, na dawa ya uchoyo aliijua. Alfajiri, chupa ya chai ikiwa imejaa uji, alinifunika leso kama anayeniombea.

"Kunywa, nyakwara," akaninong'oneza mimi mjukuu wake. "Mtu hakatwi akiwa na njaa."

Nikanywa wote, na ulikuwa mtamu, tusidanganyane. Walipomuuliza kama nimekula, alikana bila kupepesa jicho.

Nakumbuka kifuniko cha plastiki puani, kisha sikumbuki kitu. Nilizinduka kifua kikiniwaka moto, nikipumua kwa mpira wa oksijeni, na daktari akimfokea Dani mbele ya wodi nzima kwamba alitaka kuniua. Alikuwa ameketi sakafuni, ameziba mdomo kwa leso. Kwa akili yangu ya kitoto nilijua mkosaji ni nani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifokewa.

Mimi nilipona. Dani hakukanyaga hospitali tena. Miaka mingi baadaye alipoota uvimbe tumboni tulimsihi aende, akasema huko wanamjua, ni yule mwanamke wa kuua wajukuu. Tulimzika Karungu.

Mwaka jana binti yangu alipasuliwa Migori. Kijana anayetoa dawa ya nusukaputi alikuja mpaka kitandani, akachuchumaa, akasema, "Hii dawa inalaza mpaka koo. Akiwa amekula, chakula kitapanda kiingie kwa mapafu. Ndiyo maana tunataka tumbo tupu."

Akaondoka. Maneno yake yalichukua muda mfupi kuliko kumimina uji. Nilitoka nje nikalia, na hayakuwa machozi ya huzuni.

Dani alikuwa mkausha samaki. Hakumweka samaki juu ya moshi kabla ya kumtoa matumbo, na alijua sababu yake. Angemwelewa kijana yule kabla hajamaliza kusema. Angeumwaga uji ule kwa mkono wake, akashinda njaa pamoja nami.