Mtu Aliyepigwa na Mabingwa Wawili

Mimi ngumi sizipendi. Niseme mapema, asije mtu akadhani nasifia upuuzi. Lakini ukiniuliza sasa hivi nani angeshinda kati ya Gogo na Sindano, nitakujibu bila kukohoa: Gogo, raundi ya saba, kwa ngumi ya mbavu. Hao walikuwa mabingwa wa uzito wa juu, na hawakuwahi kukutana, kwa sababu mmoja alistaafu mwenzake akiwa bado anajifunza kufunga glavu. Mambo hayo nimeyajua kwa kulazimika, na aliyenilazimisha ni mume wangu.

Mume wangu ni kinyozi, na watu wanamwita Kipimo. Ujanani alikuwa bondia. Ubingwa hata harufu yake hakuisikia. Sifa yake ni moja tu, na ukiifikiria haina raha yoyote: ndiye mtu pekee aliyepigwa na wote wawili. Gogo alimwangusha akiwa na miaka ishirini na moja, na hilo ndilo lilikuwa pambano la mwisho la Gogo. Sindano akaja kumchakaza miaka tisa baadaye, wakati yeye Sindano ndiyo kwanza anapanda. Basi wanaume wa mtaani wakitaka kujua nani angemweza nani, ushahidi uko mwilini mwa mume wangu.

Kesi inasikilizwa kila Jumamosi mchana, dukani kwetu, chumba kimoja. Kiti cha kunyolea kiko mbele ya kioo, benchi la wateja liko ukutani, na cherehani yangu iko karibu na mlango ili nipate mwanga. Mwalimu mstaafu ndiye anayepanga mapambano. Karani wa posta anapinga kila kitu, hata akikubaliana nacho. Fundi baiskeli, anayefanyia kazi barazani kwetu, anachangia kwa kelele kutoka nje. Wanaume wazima, vitambi vimewatangulia, wanapiganisha watu wasiokuwepo! Wakishindwana wanamgeukia mume wangu. Naye anafuta wembe taratibu, kwa maringo, ndipo anasema, "Sindano alinipiga mara mia, nikamaliza nimesimama. Gogo alinipiga mara moja, nikaamka ukumbi umeshafagiliwa." Kwisha habari, hakuna rufaa.

Na alikuwa na sharti lake. Ukimuuliza kuhusu bondia mwingine yeyote, na hasa huyu Kontena, bingwa wa sasa, alikuwa anatikisa kichwa. "Huyo hajanipiga. Asiyenipiga simsemei." Hapo, na mimi nisiyependa ngumi, nilikuwa namwonea fahari.

Kisha ikaja hofu, na ilianza na sukari. Asubuhi moja alitia sukari kwenye chai, akakoroga, akatia tena, akakoroga, akatia tena, akanywa kama kawaida. Nikasema ni mawazo tu. Wiki hiyohiyo nikamkuta amesimama mlangoni na ufunguo mkononi, anatafuta ufunguo. Halafu mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka, ule anaovutia ngozi ya shavu. Wa wembe ulikuwa bado umetulia.

Daktari alimmulika machoni, akamtembeza kwenye mstari, akaniita kando. "Mama, hizi ni zile ngumi za zamani. Hatarudi alipokuwa. Anafanya kazi gani?"

"Yuko nyumbani tu," nikasema.

Uongo mtupu, na nilijua kwa nini nausema. Nyumbani mume wangu alikuwa mzee anayetafuta ufunguo. Dukani alikuwa Kipimo. Kumnyang'anya wembe niliona sawa na kumzika akiwa anapumua, na moyo wa kufanya hivyo sikuwa nao.

Kwa hiyo nikajifunza ngumi. Kila pambano walilowahi kulibishania nililikariri, raundi kwa raundi, nikiwa napiga pindo za sare za shule. Mwalimu akiuliza, na mume wangu akikawia, natupa neno kutoka kwenye cherehani: "Si ulisema ukumbi ulishafagiliwa?" Anadaka, anaendelea. Wateja wanacheka, "Shemeji naye siku hizi bondia!" Nacheka nao, macho yangu yako kwenye wembe. Kila wembe ulipofika kooni kwa mtu, miguu yangu ilikuwa inaacha kukanyaga pedali yenyewe. Nilifika mahali nikawa nawatambua watu kwa shingo. Nikikutana na mtu njiani namjulia hali huku namwangalia koo, najisemea moyoni, huyu bado mzima.

Kuna jambo jingine sikuwahi kumwambia mtu. Alipopigana na Sindano nilikuwa ukumbini, nina mimba ya pacha, tumbo limefika puani. Kuanzia raundi ya sita mume wangu hakuwa anapigana tena, alikuwa anapigwa tu. Nikasukumana na watu mpaka kwenye kona yake, nikamwambia kocha, "Tupa taulo wasimamishe pambano, ataniulia mume." Kocha hata hakunitazama. "Mwanamke, rudi ukakae." Nikarudi nikakaa. Raundi nne nzima nilikaa.

Jumamosi ninayotaka kuisema, karani alikuwa kitini, kichwa amekilaza nyuma, povu mpaka masikioni. Mwalimu akapiga makofi. "Jamani, Gogo na Sindano tumewachosha. Leo namleta Kontena. Kontena wa sasa, na Gogo wa miaka ishirini na tano. Raundi kumi na mbili. Kipimo, toa hukumu!"

Nikashusha pumzi. Jibu la hilo lilikuwepo siku zote: asiyenipiga simsemei. Nikasubiri aliseme.

"Kontena?" Sauti haikuwa yake ya siku zote, ilikuwa ya kijana. "Huyo ni wangu. Napigana naye leo."

Wakacheka! Mwalimu akajipiga goti. Karani akacheka ndani ya povu, koo linapanda na kushuka chini ya wembe. Sikuwa na neno la kumtupia. Kontena sikuwa nimemkariri.

"Baba Pacha," nikaita. Hakugeuka.

Nje, fundi alikuwa amemaliza kufunga kengele ya baiskeli ya mtu. Akaijaribu, ikalia mara moja.

Mume wangu akaficha kidevu kifuani. Mikono yote miwili ikapanda, wembe ukiwa kwenye wa kulia. Akaanza kukizunguka kile kiti kwa hatua ndogondogo. Karani akafumbua macho, akaganda. Cheko la Mwalimu likakatika. Wajuzi wote wale wa ngumi, hakuna hata mmoja aliyenyanyua kidole. Mkono wa kushoto ukafyatuka, ukapita juu ya pua ya karani. Baada ya kushoto huja kulia, hilo nililijua. Nilikuwa nimelikariri.

Nikachomoa taulo kwenye msumari, nikalitupa.

Lilitua miguuni pake. Akaliangalia. Mikono ikashuka polepole, wembe ukadondoka sakafuni. Akaenda kukaa kwenye benchi kama mabondia wanavyokaa kwenye kona, mikono magotini, mdomo wazi, anangoja maji. Karani alitoka mbio na nusu ya ndevu zake, na kitambaa chetu shingoni. Nikampa mume wangu maji. Nilimshikia kikombe mpaka akamaliza.

"Nani katupa taulo?" akauliza.

"Mimi, Baba Pacha."

Akanitazama. Natamani asingenitambua, lakini alinitambua vizuri kabisa.

"Umechelewa," akasema. "Nilikuona siku ile. Ulikuja mpaka kwenye kona, halafu ukarudi ukakaa."

Miaka thelathini na nne, na hakuwahi kulisema.

Mwalimu akanishika kiwiko. "Shemeji, kaa kwanza, utaanguka."

Sikukaa. Niliokota wembe, nikaukunja, nikaenda kufunga duka.