Nyasi Mkononi

Jumanne ile nilikuwa nafundisha jinsi Marekani ilivyokua. Nilichora ramani ubaoni, nikawa nausogeza mpaka wa nchi kuelekea magharibi kwa chaki: walowezi wanafika na magari ya kukokotwa na maksai, mikataba inatiwa sahihi, wenyeji wanasogezwa, halafu seng'enge inakuja na mambo yanaishia hapo. Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya kutwa karibu na Isinya. Somo hilo nililipenda kwa sababu lilikuwa la mbali.

Naserian akainua mkono. Alikuwa binti wa jirani yetu Mmaasai, wa kidato cha tatu, mwenye tabia ya kuuliza swali kengele ikikaribia kulia.

"Mwalimu, walisukumwa magharibi. Na magharibi ikiisha?"

Darasa likacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Ili nisijibu, nikamwuliza watu wa kwao zamani walifanyaje vita vikiwazidi.

"Unang'oa nyasi unashika juu," akasema. "Mtu akiona hiyo nyasi, hata kama ameinua mkuki, anateremsha. Hakuna kugusa mtu wa nyasi."

Nikaandika ubaoni: nyasi, ishara ya amani. Wanafunzi wakanakili, na muhula ulipoisha nikalitia swali la nyasi kwenye mtihani.

Nyumbani nyasi tulikuwa nazo. Mume wangu, Baba Wambui, mtu wa Nyeri kama mimi, alinunua ekari kumi kwa kaka ya baba yake Naserian, akazizungushia seng'enge na kupanda nyasi za kuuza. Hakuwa mtu mbaya. Alikulia kwenye robo ekari pamoja na ndugu saba, na waya ile ndiyo iliyompa usingizi.

Mwaka ule mvua ilikataa. Ng'ombe walisimama nje ya waya wakiitazama stoo yetu iliyojaa marobota ya nyasi. Baba Naserian alikuja na fimbo yake tu. Chai hakuitaka.

"Jirani, fungulia hawa wangu kidogo. Mvua ikirudi tutaongea."

"Mzee, hii shamba niko na title yake. Nikifungulia wako leo, kesho wanakuja wa kila mtu."

"Title sijakataa. Lakini ng'ombe hajui kusoma."

Siku mbili baadaye tuliamka tukakuta waya imekatwa na ng'ombe wamo ndani. Mume wangu alimkata mmoja mguu kwa panga. Ng'ombe huyo alivuja damu mpaka jioni, akafa. Waswahili husema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Kwetu nyasi ndizo zilizowapiganisha fahali.

Waya hazikukatwa kwetu peke yake. Juma hilo mchungaji mmoja aliuawa ng'ambo ya barabara, na kesho yake nyumba tatu za watu wetu zikachomwa. Vijana wetu wakanoa mapanga, vijana wao wakatoka na pinde. Polisi walikuja, wakaondoka. Kila asubuhi tulihesabu moshi, na jirani mmoja baada ya mwingine akapakia magodoro kukimbilia Kitengela. Nilimsihi mume wangu nasi twende.

"Nikitoka hapa, nitarudi kwenye nini?" akaniuliza.

Sikuweza kumwacha. Nilimshukuru Mungu kwamba Wambui alikuwa shule ya bweni.

Siku ya nne, saa sita mchana, walikuja.

Walikuwa kama ishirini. Waliingia pale pale waya ilipokatwa.

Mume wangu alikuwa nyuma ya kibanda cha kuku. Mimi nilikuwa mlangoni pa stoo.

Aliyetangulia alikuwa Baba Naserian. Alikuwa ameinua mkuki.

Nikachomoa nyasi kwenye robota. Nikaziinua juu, mikono yote miwili.

Wakasimama.

Baba Naserian alinitazama, akazitazama nyasi, kisha akauchomeka mkuki wake ardhini. Aliwageukia vijana akasema neno moja kwa Kimaa, nao wakashusha pinde. Halafu akaanza kuja kwangu, mikono mitupu.

Mume wangu alichoona ni mkewe amenyoosha mikono juu na mwanamume anamjia.

Alitoka mbio na panga.

"Baba Wambui, wacha!"

Alidhani nalilia msaada. Akaongeza mbio.

Alimkata shingoni. Mzee hakuwahi hata kugeuka.

Mishale iliyompata mume wangu ilikuwa mitatu.

Mimi hakuna aliyenigusa. Nyasi zilikuwa bado mkononi.

Vita vilikwisha kwa mikutano ya hadhara na soda. Shamba niliuza; siku hizi ni ploti ndogo ndogo zenye nyumba za kupanga, na seng'enge imekuwa ukuta wa mawe. Ninakaa Kitengela na bado ninafundisha. Nikifika kwenye ile ramani, ninapita haraka.

Mwaka jana mtu alinigusa bega sokoni, nikichagua vitunguu vya Kimana.

"Sopa, Mwalimu."

"Ipa," nikaitika kwa Kimaa, kabla sijajua ni nani. Alikuwa Naserian, mama mzima sasa, na mtoto mgongoni. Tuliulizana habari za nyumbani, zikatuishia.

"Mwalimu, ile nyasi, ni mimi nilikufundisha."

"Ni wewe."

"Na wewe hukuambia mzee wako?"

Miaka kumi na miwili nilikula chakula cha jioni na mume wangu. Nilimwambia habari za karo, za magonjwa ya kuku, za mwalimu mkuu na kiburi chake. Nyasi niliziweka kwenye mtihani, alama mbili.

"Sikumwambia," nikasema. "Nilidhani ni ya darasani."

Aliinua mfuko wake wa vitunguu, akainua na wangu, akanibebea mpaka barabarani. Aliutua miguuni pangu, akavuka bila kuaga.