Eda ya Shangazi na Baridi ya Kwanza

Wakati wa joto, Maskati nzima hukaa eda. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi hakuna anayetoka nje mchana ila kwa shida: unatoka kwenye ubaridi wa nyumba, unakimbilia ubaridi wa gari, ukifika dukani unamshukuru Mungu. Kwa hiyo shangazi yangu Masouda alipofiwa na mumewe mwezi wa saba, ile miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani haikumpa tabu. Alitulia nyumbani kwake Sib, bila ya manukato wala wanja, na kila alipochungulia dirishani hakuona mtu njiani wa kumwonea wivu.

Tabu ilianza baridi ilipoingia.

Lazima umjue shangazi ndipo uelewe. Amezaliwa Unguja, akaletwa huku mdogo, akasoma, kisha akafanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya wizara ambayo madirisha yake hayafunguki. Siku aliyostaafu alisema kuta zimemtosha. Tangu hapo, joto likivunjika tu, humpati ndani. Utamkuta kibarazani, utamkuta ufukweni Sib, utamkuta milimani amekaa juu ya jiwe na chupa yake ya chai. Na nyuma yake alikuwepo Ami Majid, mumewe, amejitanda shali mpaka puani, analalamika. Majid alikuwa mtu wa kupiga chafya friji ikifunguliwa. Lakini alikwenda, kila mara, na aliyekuwa akilichukua jamvi ni yeye.

Ijumaa ya kwanza ya baridi ukoo wote huenda Yiti, pwani, tukachoma mishkaki. Hiyo kwetu ni kama sikukuu ya tatu. Wengine wana Idi mbili, sisi tuna na Yiti.

Mwaka huu upepo uligeuka mapema Novemba. Nilifika kwa shangazi alasiri moja nikakuta kiyoyozi kimezimwa, madirisha yako wazi, na yeye mwenyewe ameegemeza paji la uso kwenye wavu wa dirisha. Moshi wa makaa wa majirani ulikuwa ukiingia ndani. Watoto walikuwa wakizunguka na baiskeli barabarani kana kwamba wamefunguliwa jela.

Mwanawe Yaqdhan, ambaye ni mhandisi na hasahau kukukumbusha, ndiye aliyekuwa akishika hesabu ya eda. Siku ya msiba mama yake hakuwa na fahamu ya kuhesabu chochote, basi Yaqdhan aliiweka kwenye simu yake: Julai sita, ongeza miezi minne, ongeza siku kumi, Novemba kumi na sita, Jumapili. Ijumaa ya Yiti ilikuwa tarehe kumi na nne. Na Jumamosi yake alikuwa arudi kazini Duqm, haji tena mpaka mwezi uishe.

"Mama, tuache mwaka huu," alisema.

"Nendeni," shangazi alimjibu. "Watoto wamekaa ndani miezi sita kama kuku. Mie nitakuwepo hapa hapa, nitakwenda wapi?"

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anaosha kikombe kisafi.

"Reem, nikwambie kitu usimwambie mtu?"

"Niambie, shangazi."

"Nnataka kwenda Yiti. Nnataka mpaka usiku sipati usingizi. Mume wangu yuko kaburini, na mie roho iko pwani. Nnajionea haya." Akakifuta kile kikombe, akakirudisha kabatini. "Kanioa miaka thelathini na nane, na toka nistaafu kanifuata kwenye baridi asiyoipenda. Mie nnashindwa kumkalia siku mbili."

Nilimsikitikia, na pia, nisiseme uongo, nilimkasirikia Yaqdhan, ingawa sikujua kwa nini.

Alkhamisi, baada ya swala ya alasiri, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Bi Mahbuba, shoga yake shangazi tangu ujanani, amekuja kutoka Ruwi kwa teksi, na mkoba mkubwa. Ndani ya mkoba mlikuwa na doti ya kanga mpya, udi, na chupa ya mafuta ya uzuri. Alimtazama shangazi toka kichwani mpaka miguuni, akauweka mkoba chini.

"Masouda, mbona bado umo katika nguo hizi? Nimengoja toka juzi unipigie simu. Nikasema labda unaumwa."

"Eda yangu inakwisha Jumapili, mwenzangu."

"Jumapili ya wapi? Majid kafa siku ya Ashura. Nnakumbuka vizuri, nilikuwa nimefunga, msiba ukanikuta sijafuturu. Kumi mfunguo nne, mwezi wa Muharamu. Miezi minne ikatimia kumi mfunguo nane, siku kumi zake zikaisha juzi, Jumanne. Wewe nani kakuhesabia?"

Wote tulimgeukia Yaqdhan. Alikuwa amekaa kwenye kochi na simu mkononi, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Nilihesabu miezi minne," alisema.

"Ya Kizungu," Bi Mahbuba akasema. "Mwanangu, eda inakwenda kwa mwezi wa mbinguni. Shahada zote hizo, hukumuuliza hata bibi mmoja?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka, nikadhani na shangazi atacheka, au atamrushia mwanawe mto. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinyanyuka akaingia chumbani. Bi Mahbuba alimfuata na mkoba wake. Tulisikia maji ya kuoga, kisha harufu ya udi ikatoka chini ya mlango. Yaqdhan aliniuliza kwa sauti ndogo kama mama yake amekasirika. Nilimwambia sijui, maana kweli sikujua.

Ijumaa asubuhi tulimkuta wa kwanza garini, na kanga mpya, ameshapakata sufuria.

Yiti haikutupokea vyema. Upepo wa shamali ulikuja na mchanga wake, ukaingia kwenye wali, kwenye chai, kwenye meno. Jamvi tulilizuia kwa mawe manne na bado likawa linapiga makofi. Mwanzo watoto walivaa majaketi, wakayavua, wakayavaa. Makaa yaligoma kushika, na yaliposhika yaliwaka kwa hasira yakaunguza mishkaki ya mwanzo yote. Ilipofika saa tano nusu ya ukoo imo ndani ya magari, vioo juu, wanakula huko. Shangazi alibaki kwenye jamvi, uso ameuelekeza kwenye upepo, macho ameyafumba. Nikakaa pembeni yake, meno yananigongana.

"Umemsamehe Yaqdhan?" nilimwuliza.

"Nimsamehe kitu gani? Jana nilitaka kumbusu, nikaona atazidi kiburi." Alifumbua macho. "Ile miezi yote nimekaa kwa amri ya Mungu. Kila mjane anakaa. Nilikuwa nikiona haya nikidhani siku mbili za mwisho nnazikaa kwa kulazimishwa, moyo haupo. Kumbe nilikuwa huru, mlango uko wazi, na sikutoka. Jumatano nzima na Alkhamisi nimemkalia Majid, na hakuna aliyenidai."

"Lakini hukujua, shangazi."

"Miguu yangu ilikuwa ndani," alisema. "Hiyo inanitosha."

Machozi yalimtoka, kidogo, na upepo ukayakausha kabla hajanyanyua mkono. Kisha akaniambia nimletee mshikaki ambao haukuungua, kama upo.